Mifereji ya nyumba mpya Mombasa: mwaka wa kwanza na matunzo yake

Nyumba ikiwa mpya, mtu hutarajia mifereji isimsumbue kwa miaka. Mombasa mambo hayaendi hivyo. Hapa mabomba huumia mapema, na si kwa uzee: huumizwa na mchanga na simiti iliyobaki ndani tangu ujenzi, na chumvi ya visima na ya upepo wa bahari, na maji ya kampuni yanayokuja leo na kukatika kesho. Ndiyo maana miezi 12 ya kwanza ina kazi nyingi kuliko miaka inayofuata. Sehemu ya muda huo mkandarasi bado anawajibika. Mikataba mingi ya ujenzi Kenya huweka kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6, wakati mwingine 12. Soma wako uone. Kasoro ikionekana ndani ya kipindi hicho, anairekebisha kwa gharama yake. Ikionekana baadaye, vigae vinavunjwa kwa pesa zako.

Kabla ya kulipa salio

Kagua ukiwa bado umeshika pesa za mkandarasi. Mwambie akupe mchoro wa mabomba kama yalivyopita kweli, si kama yalivyopangwa na msanifu. Kama kuta hazijapigwa plasta, piga picha kila ukuta wenye bomba, na utepe wa kupimia uonekane ndani ya picha, kutoka kona na kutoka sakafuni. Picha hizo zitakusaidia siku utakapotaka kutoboa ukuta utundike kabati.

Kisha dai jaribio la presha lifanywe mbele yako. Nyumba nyingi mpya sasa zina mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Fundi huziba ncha zote, hutenga shawa za umeme na matangi, hujaza maji mpaka hewa itoke, halafu hupandisha presha kwa pampu ya mkono hadi bar 10. Sindano ya geji itashuka kidogo dakika za mwanzo kwa sababu plastiki hutanuka, apandishe tena. Baada ya hapo saa nzima ipite bila sindano kusogea. Ikizidi kushuka polepole, kuna kiungo kinachovuja, na kitafutwe kabla ya vigae kubandikwa. Kufungua mfereji na kuona maji yanatoka hakuthibitishi kitu. Tangi lililo mita 4 juu ya mfereji hutoa presha ya bar 0.4 tu, na kiungo kibovu chaweza kuivumilia hiyo kwa miezi, mpaka siku utakapoweka pampu.

Upande wa maji machafu, tatizo kubwa ni gruti, yaani simiti laini ya kujazia nafasi kati ya vigae. Mafundi wa vigae huosha ndoo zao bafuni, na ule uji wa simiti huteremka mpaka kwenye trepu, ile kona ya bomba inayoshika maji ili harufu isipande, hukaa na kuganda. Chukua mtungi wa lita 20, umimine wote kwa mkupuo katika kila trepu ya sakafu, kila sinki na kila bafu. Maji yakipanda na kusimama, kuna kitu kimeganda ndani. Yakiteremka huku sinki la karibu likibubujika, bomba la hewa halipo au limeziba. Fungua pia chemba zote za nje, yaani mashimo ya kukagulia mabomba ya maji machafu, mtu mmoja avute flashi ndani na mwingine atazame: maji yapite chini ya chemba bila kutuama, na kusiwe na mchanga wa simiti ulioganda, vipande vya vigae wala mifuko ya simiti. Mteremko upimwe kwa pima-maji: bomba la inchi 4 lishuke sentimita 1 kwa kila sentimita 40 hadi 60, na yale membamba ya sinki yashuke sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Mteremko mdogo mno huacha uchafu njiani, na hakuna dawa ya kuzibua itakayoutibu.

Kusafisha kabla ya kuhamia

Vua vichujio vyote vidogo vilivyo mdomoni mwa mifereji na vichwa vya shawa. Funga valvu ndogo za vyoo na za mashine ya kufulia. Anza na mfereji ulio chini kabisa na karibu zaidi na tangi, uache maji yakimbie kwa nguvu dakika 5, halafu uende kwa unaofuata, ukimalizia na ulio juu na mbali. Kinga maji ya mwanzo kwenye ndoo nyeupe: utaona mchanga, chembe za plastiki za mabomba yaliyokatwa, pengine nyuzi za tepu. Rudisha vichujio ndoo ikiwa safi. Ukivifungua vyoo kabla ya kusafisha hivi, chembe hizo huingia kwenye valvu ya boya ya flashi, na choo kipya kinaanza kumwaga maji siku ya kwanza.

Tangi lisafishwe kwa mkono kabla ya kutiwa dawa. Tangi la plastiki huwa na vumbi na mabaki ya plastiki iliyotobolewa. Tangi la simiti la chini ya ardhi lina jambo lake: maji ya kwanza hunyonya chokaa ya simiti, yakawa makali mdomoni na kwenye ngozi. Lijaze, liache siku 2 au 3, limwage, na urudie. Kabla ya kumwaga mara ya kwanza, weka alama ya kimo cha maji, funga kila kitu na utazame baada ya saa 24. Kimo kikishuka tangi linavuja, na panapotoka maji ndipo uchafu wa ardhini utakapoingilia.

Dawa ni klorini ya kufulia isiyo na manukato, ile yenye nguvu ya asilimia 3.5. Tia lita 1.5 kwa kila lita 1,000 za maji, na ujaze tangi ili dawa ichanganyike. Fungua kila mfereji mpaka unukie klorini, kisha ufunge. Acha angalau saa moja. Usiku mzima si mbaya. Halafu mwaga kila kitu na ujaze upya mpaka harufu iishe. Maji hayo ya dawa yamwage uani mbali na miti na kisima, usiyapitishe kwenye shimo la choo, kwa maana yatawaua bakteria wanaoyeyusha uchafu. Na usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi hata kidogo. Gesi inayotoka ni sumu ya mapafu.

Valvu kwanza, vifaa vingine baadaye

Kila mtu mzima wa nyumba ajue mahali pa valvu hizi: ya mita, ya kutoka tangi la juu, ya kila bafu, ya jikoni, na ile ya kuingiza maji ya kisima. Zifungie vibao vya plastiki vilivyoandikwa. Bomba likipasuka usiku, dakika 10 za kutafuta valvu kwa tochi zinatosha kuharibu sakafu ya mbao na dari ya chini.

Geti valvu, zile za gurudumu la kuzungusha mara nyingi, ni za bei nafuu na mafundi huzipenda, lakini kwenye maji ya chumvi hazifai. Chumvi huila zinki iliyo ndani ya shaba nyeupe, fimbo inayozungushwa na gurudumu inakuwa dhaifu, na siku unapoihitaji inakatikia mkononi ikiwa wazi. Kwenye mabomba makuu dai boli valvu nzuri, ile ya mkono unaozunguka robo. Kama geti valvu zimeshawekwa, zifunge na kuzifungua kila miezi 3, na baada ya kufungua kabisa rudisha nyuma robo mzunguko ili zisigande.

Maji mawili ndani ya nyumba moja

Maji ya kampuni yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Taita Taveta, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Hayatoshi mji, ndiyo maana yana zamu. Kwa hivyo nyumba nyingi, kuanzia Nyali hadi Mtopanga na Likoni, zina kisima pia, na maji yake mara nyingi yana chumvi na chokaa ya mawe ya matumbawe. Kuwa na maji yote mawili ni busara. Kosa ni kuyachanganya kwenye bomba moja.

Mpango ulio bora ni matangi mawili juu na mistari miwili. Maji ya kisima yaende kwenye flashi za vyoo na mfereji wa uani. Maji matamu yaende jikoni, mabafuni, kwenye shawa za umeme na mashine ya kufulia. Fundi akikwambia ataunganisha mistari hiyo kwa valvu moja ili maji yakikatika uweze kufungua ya kisima yapite kote, kataa. Valvu ikivuja, au mtu akisahau kuifunga, maji ya kisima yanaweza kurudi hadi kwenye bomba la kampuni, na majirani wakanywa kilicho kisimani kwako. Ukilazimika kulisaidia tangi la maji matamu, bomba la kisima limwagie kutoka juu, mdomo wake uwe sentimita kadhaa juu ya kimo cha juu cha maji, lisizame kabisa.

Usiunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la kampuni pia. Presha ikiwa ndogo, pampu hufyonza, na kila ufa ulio kwenye bomba la mtaani unakuwa mlango wa maji machafu. Maji ya kampuni yaingie tangi la chini kwa mteremko wake, halafu pampu ivute kutoka hapo. Kwa sababu hiyohiyo, maji yanaporudi baada ya siku kadhaa za kukatika, mwaga yale ya mwanzo kupitia mfereji uliowekwa kabla ya tangi mpaka yawe safi. Kama hakuna mfereji hapo, uwekwe. Ni kiungo kimoja cha T na mfereji wa nusu inchi.

Chumvi hudhuru vitu fulani zaidi ya vingine. Bomba la chuma lililopakwa zinki lisitumike kabisa kwa maji ya kisima. Boliti zinazoshika tangi la flashi na bakuli la choo, zikiwa za chuma, huoza zikaacha doa la kutu na baadaye uvujaji. Badilisha ziwe za plastiki ngumu au za chuma kisichoshika kutu. Mipira ya kuunganishia iliyosukwa nyuzi za chuma nje ndiyo inayofurikisha nyumba nyingi. Nyuzi zile hukatika moja moja kwa chumvi ya hewa, mpira wa ndani ukabaki bila ngao. Zitazame kila miezi 6. Ukiona doa la kutu au uzi mmoja uliokatika, badilisha mpira wote siku hiyo. Hata ukionekana mzima usipite miaka 5, na karibu na bahari usifike huko. Nati zake zikazwe kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana, basi. Kukaza zaidi hupasua washa.

Shawa ya umeme haiwekwi kwenye maji ya kisima isipokuwa ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi hupitisha umeme na hula elementi. Iwe na wayari yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa ardhi uliopimwa, na swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja hadi miliampia 30. Kazi hiyo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, si ya fundi wa mifereji. Mtu akihisi kuchomwachomwa anaposhika kishikio cha shawa, zima kwenye bodi na usiitumie tena kabla haijakaguliwa.

Tangi na pampu

Lita 1,000 za maji ni uzito wa tani moja. Tangi la plastiki lazima likalie uso bapa na mzima. Likiwekwa juu ya mbao zilizoachana, tako lake hujipinda kati ya mbao na kupasuka baada ya muda. Kifuniko kifungwe kwa skrubu, na bomba la kufurikia liwe pana kuliko la kuingizia, likiwa na wavu wa mbu mdomoni. Wavu huo usiuchukulie kama pambo. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyohifadhiwa, na Mombasa imepata milipuko ya dengi zaidi ya mara moja. Mitungi na mapipa ya akiba nayo yafunikwe.

Osha tangi mara moja kwa mwaka, na la chini mara mbili ikiwa maji yako huja na tope. Asiingie mtu peke yake ndani ya tangi la chini: fungua vifuniko mapema, na mwingine abaki juu akimtazama.

Pampu hufa kwa kuzunguka bila maji. Maji ya kampuni yakikatika na tangi la chini likakauka, pampu isiyo na swichi ya kuelea huendelea kuzunguka, sili yake inaungua na maji yanaanza kuvuja kwenye mhimili. Weka swichi mbili: moja tangi la chini, ikate maji yakipungua, nyingine tangi la juu, ikate likijaa. Pampu ya juu haivuti maji vizuri kutoka kina kinachozidi mita 7 hivi, haijalishi nguvu ya mota. Kisima kikiwa na kina zaidi kinahitaji pampu ya kuzamisha. Pampu ikipoteza maji kila asubuhi na kuhitaji kujazwa, tatizo huwa ni valvu ya chini ya bomba la kufyonza: mchanga umeizuia isifunge.

Kama una pampu ya presha yenye tangi dogo la chuma, na inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, tangi limepoteza hewa. Zima umeme, fungua mfereji mpaka presha iishe kabisa, kisha jaza hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka iwe bar 0.2 chini ya presha inayowasha. Kama pampu inawaka kwenye bar 1.4, hewa iwe 1.2. Hewa ikitoka tena baada ya siku chache, utando wa ndani umetoboka. Na ukisikia pampu ikiwaka usiku wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali panavuja.

Mabomba ya PPR yaliyo wazi juu ya paa yafunikwe. Jua la huku huyafanya yawe mepesi kuvunjika ndani ya miaka michache. Yapake rangi nyeupe ya maji au uyavike soksi ya kukinga joto. Yaachiwe pia nafasi ya kutanuka: mita 10 za PPR zikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 45. Bomba lililobanwa kikiki ncha zote mbili hujipinda, na kiungo cha pembeni ndicho kinachoachia.

Presha ndogo kwenye mfereji mmoja tu

Kama mifereji yote ni dhaifu, angalia tangi na valvu kuu. Kama ni mmoja tu, anza na kichujio cha mdomoni. Kikiwa na mchanga, kisuuze. Kikiwa na ukoko mweupe wa chokaa, kiloweke kwenye siki au maji ya ndimu usiku kucha. Vichwa vya shawa vinavyopata maji ya kisima vifanyiwe hivyo kila mwezi, maana chokaa ikishakuwa ngumu utalazimika kutoboa matundu kwa sindano. Kisha tazama valvu ndogo iliyo chini ya sinki. Mara nyingi fundi huiacha nusu wazi.

Vikiwa sawa vyote hivyo, kosa laweza kuwa ndani ya kiungo. PPR huunganishwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260: bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha linasukumwa ndani moja kwa moja bila kuzungushwa. Fundi akipasha kwa muda mrefu au akisukuma kupita kiasi, plastiki iliyoyeyuka hufura ndani na kuacha tundu dogo. Kasoro hiyo haivuji, kwa hivyo hupita kwenye jaribio la presha. Ipime hivi: weka ndoo ya lita 10 chini ya mfereji unaoshuku, hesabu sekunde mpaka ijae, halafu fanya vivyo hivyo kwa mfereji wa aina hiyohiyo ulio kimo kimoja nao. Ukichukua muda mara mbili, mwite mkandarasi akate kiungo, na hapo ndipo picha zako za ukuta zinapofaa.

Unyevu ukutani si kila mara ni bomba. Kuta zilizojengwa kwa mchanga wenye chumvi hutoa unga mweupe na kuonekana mbichi siku za unyevu mwingi, kisha hukauka upepo wa kaskazi ukivuma. Uvujaji wa bomba haujali msimu: doa hupanuka kila wiki, na rangi hutuna kwenye sehemu moja. Ili kuhakikisha, funga valvu ya kutoka tangi la juu na ile ya kuliingizia maji usiku, weka alama ya kimo, utazame asubuhi. Kimo kikishuka, tangi lenyewe au kiungo chake kinavuja. Kisipobadilika, fungua valvu ya kutoka, funga mifereji na valvu za vyoo, urudie. Kikishuka sasa, uvujaji uko kwenye mabomba ya ndani. Kwa bomba la kutoka mita hadi tangi la chini, subiri siku ya maji, funga valvu iliyo karibu na tangi, utazame mita kwa nusu saa. Kumbuka tu kwamba mita huweza kuzungushwa na hewa maji yanaporudi, kwa hivyo usipime saa za mwanzo.

Bafuni na chooni

Choo kinachovuja kimyakimya hupoteza maji mengi kuliko mfereji unaodondoka. Tia kijiko cha rangi ya chakula, ile ya biriani, ndani ya tangi la flashi, na mtu asivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini haukai vizuri: uondoe, uondoe mchanga kwenye kikalio chake, na ukiwa umejikunja ununue mwingine. Kimo cha maji kiwe sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Rekebisha kwa skrubu ya boya. Mfereji unaodondoka tone moja kila sekunde nao hupoteza lita 20 na zaidi kwa siku. Washa mpya ni ya bei ndogo sana.

Shatafu, ile ya kunyunyizia maji ya kujisafisha chooni, ina mpira mwembamba usiotengenezwa kubeba presha mchana na usiku. Wafundishe watu wa nyumba kufunga valvu yake ya ukutani baada ya kutumia, siyo kuachia kitufe tu. Isiachwe imezama kwenye ndoo wala bakuli, kwa sababu maji yakikatika bomba hufyonza kinyumenyume.

Nyumba mpya hushuka kidogo ikitulia juu ya msingi wake, na silikoni ya kati ya ukuta na sakafu ya bafu hupasuka mwaka wa kwanza. Ikate yote kwa wembe, kausha siku nzima, upake mpya ya kuzuia ukungu, na bafu lisitumike kwa saa 24. Kupaka mpya juu ya kuukuu hakudumu.

Bafu la wageni linalokaa wiki kadhaa bila kutumiwa huanza kunuka kwa sababu maji ya trepu yamekauka na hewa ya shimo inapanda. Mimina lita moja ya maji kwenye kila trepu, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake kuchelewesha kukauka. Nyumba iliyo karibu na ufuo iwe na mfereji wa kuoshea miguu nje, na maji yake yasipite bafuni; mchanga wa pwani ukishakaa kwenye trepu hausukumwi na maji.

Jikoni

Machicha ya nazi yasipite kwenye sinki hata kidogo. Nyuzi zake hunasa kwenye kona ya trepu, wali na magamba ya samaki yakashikamana nazo, na mafuta yakaziba yaliyobaki. Weka kichujio cha chuma mdomoni mwa sinki, na mafuta yaliyokaangia viazi karai au samaki yamwage kwenye chupa ya plastiki uitupe na takataka. Sinki likianza kuzubaa, weka ndoo chini, fungua trepu kwa mkono, uitoe uchafu na kuisuuza nje. Ni kazi ya dakika 10 na haihitaji dawa. Soda kali za kuzibulia hupasha moto PVC na kuilainisha, na zikikwama juu ya kizibo humchoma fundi atakayefungua baadaye.

Shimo la choo

Sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya maji taka ya mji, kwa hivyo huenda nyumba yako ina tangi la maji taka na shimo la kunyonyea. Kabla ya kuanza kulitumia, jaza tangi hilo maji safi mpaka mdomo wa kutokea. Huko ndiko kuujaribu uimara wa kuta zake, na uchafu utapata maji ya kuyeyukia tangu siku ya kwanza. Huna haja ya kununua unga wa bakteria; uchafu wenyewe unao.

Shimo la kunyonyea liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, chako au cha jirani. Mawe ya matumbawe yana nyufa, na maji hupita ndani yake upesi bila kuchujika kama yanavyochujika kwenye udongo. Kiwanja kikiwa kidogo kiasi kwamba umbali huo haupatikani, maji ya kisima yasitumike kunywa wala kupikia. Maji ya gata ya paa yaelekezwe kwingine. Mvua moja kubwa ya Mei ikiingia kwenye tangi la maji taka husukuma uchafu mzito mpaka kwenye shimo la kunyonyea na kuziba kuta zake, na shimo lililoziba hivyo kwa kawaida huchimbwa jingine.

Vitambaa vyenye unyevu vya kujipangusia, nepi, pedi na pamba visitupwe chooni, hata vile vilivyoandikwa kuwa vyaweza kuvutwa na maji. Bomba la hewa la tangi liwe na wavu juu, na vifuniko vya chemba viwe na grisi au simiti hafifu pembeni ili mende na mbu wasitoke.

Kila mwaka, mwezi wa pili au wa tatu kabla ya mvua za masika, pima tope. Funga kitambaa cheupe kwenye ufito mrefu, uuteremshe taratibu kwenye chumba cha kwanza mpaka chini, subiri dakika chache, uutoe. Sehemu nyeusi ndiyo tope. Likifika theluthi moja ya kina cha maji, ita lori la kunyonya. Kwa familia ya kawaida hutokea kila baada ya miaka 2 hadi 5. Waambie waache tope kidogo chini, na wafungue vifuniko vya vyumba vyote viwili, maana wengine hunyonya maji ya juu wakaondoka. Mtu asiinamishe kichwa ndani ya tangi wala kushuka, hata kwa dakika moja kuokota ndoo iliyoanguka. Gesi iliyomo humlegeza mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.